Mbuzi Wawili wa Arobaini

Mzee wa kuchinja alifika nyumbani kwetu Goweko wakati chakula cha wageni kilikuwa kimeshapakuliwa. Alikuja na baiskeli, kisu chake kimeviringishwa kitambaa cheupe na kufungwa nyuma kwa mpira. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko, akavua kofia akajifuta jasho, akaniuliza, "Haya binti, wako wapi hao mbuzi?"

Nilidhani ananitania. Ni mtu wa maneno, tangu nikiwa mdogo hajawahi kunipita bila kunichokoza. Nikamjibu kwamba mbuzi wameshaingia matumboni mwa watu, angewahi angewakuta. Akacheka, nami nikacheka. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

"Amewachinja nani?"

Nilisimama pale na bakuli la kachumbari mkononi.

Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mama. Misa ilikuwa imesomwa asubuhi, turubai limejaa watu, wengine wamekaa chini ya mabani ya kukaushia tumbaku kwa sababu viti havikutosha. Na kwetu, kama sehemu nyingi za nchi hii, kwenye shughuli ya watu wengi hachinji mtu yeyote tu. Hata mwenye nyumba awe Mkatoliki wa kupindukia, anaitwa Mwislamu achinje, ili majirani wote wale sahani moja bila kinyongo. Tukiwa peke yetu nyumbani, jogoo tunamchinja wenyewe na hakuna anayeuliza. Kukiwa na shughuli, anaitwa mzee. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akatufundisha jambo hili. Tulilikuta, tukalifanya.

Ng'ombe alichinjwa na mzee huyo huyo asubuhi na mapema, mbele ya macho yangu, akaenda zake. Mbuzi walikuja baadaye. Waliletwa na mjomba kutoka Puge, kwenye pikapu iliyobeba mchele, na pikapu yenyewe iliharibika njiani. Na mbuzi hao walikuwa na mlaji wao. Walikuwa wa mama mkubwa.

Huyu mama mkubwa si dada wa mama kwa kuzaliwa. Ni mama wa Kiarabu wa Tabora mjini, wa familia ya maduka, ya watu ambao babu zao walikuja kutoka Omani enzi za misafara wakabaki. Mama yangu alikutana naye wodini, kila mmoja amejifungua mtoto wa kiume. Mama alipata homa kali, maziwa yakakata, na ndugu zake wote walikuwa huku kijijini. Mwanamke wa kitanda cha pili akamchukua yule mtoto mchanga wa Kinyamwezi anayelia, akamweka kwenye titi lake la pili. Alimnyonyesha mpaka mama alipopona. Mtoto huyo ni kaka yangu mkubwa.

Kwa dini ya mama mkubwa, maziwa ni undugu. Kaka yangu ni mwanawe, na mwanawe wa kumzaa ni ndugu yake kaka. Kwa hiyo kila shughuli yetu, ubatizo, harusi, msiba, alikuja, na alikula. Najua kule mjini wapo waliomsema. Wapo waliomuuliza anawezaje kwenda kula kijijini kwa Wakristo bila kujua kilichopikwa. Mama alitusimulia jibu lake mara nyingi, kwa majivuno ambayo hakuwa nayo kwa kitu kingine: "Kwa yule siulizi." Mama akawa analinda neno hilo kuliko alivyolinda nyumba. Sufuria za shughuli aliziosha mwenyewe. Mzee akiwa anachinja, mama alisimama hapo mpaka mwisho, na mtu asingeweza kumwita hata kama nyumba inaungua.

Sasa mama hayupo, ni arobaini yake, na mama mkubwa amekaa kwenye mkeka chumbani kwa mama anakula nyama ya mbuzi, maana daktari amemkataza ya ng'ombe kwa ajili ya miguu. Sahani nilimpakulia mimi. Nilimchagulia mbavu.

Niliweka bakuli chini nikamtafuta kaka.

Nilimkuta nyuma ya turubai, simu sikioni, anagombana na mwenye viti. Kaka ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila kitu siku hiyo: turubai, padre, maji ya boza, spika, jenereta. Nilimnyang'anya simu nikaikata. Nikamuuliza mbuzi wamechinjwa na nani. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mzee," akasema. "Nilimpigia."

"Mzee ndiyo anafika sasa hivi. Yuko jikoni na kisu chake."

Niliona uso wake ukibadilika polepole. Hakuwa anatafuta uongo, ningemjua. Alikuwa anakumbuka. Alikuwa amempigia mzee kweli, mzee akamwambia yuko kwa mkwewe, anakuja. Halafu dereva wa lile boza la maji akapiga kusema amepotea. Vijana wakawa wameshawalaza mbuzi, wakamwita, kaka, tayari. Mkononi alikuwa na kisu alichokuwa anakatia nyama ya ng'ombe. Simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio. Akainama akachinja wa kwanza, akasogea akachinja wa pili, huku anamwelekeza dereva apitie njia ya stesheni kwa sababu ile nyingine imekatwa na mvua. Alifanya tu vile anavyofanya nyumbani kwake Jumapili. Vijana waliowashika walidhani mkubwa anajua anachofanya. Mimi nilipita nikaona ngozi mbili zimeanikwa ukutani, nikawaza tu kwamba wamefanya haraka, vizuri.

"Mungu wangu," kaka alisema. "Ameshakula?"

"Nimempelekea mwenyewe."

Tulirudi jikoni mbio. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyesimamia sufuria ya mbuzi. Nilimuuliza kama mwiko wa huku umeingia kwenye sufuria za ng'ombe, maana pale nje kulikuwa na majirani Waislamu wengi, nikaona balaa likikua kila sekunde. Shangazi aliapa haujaingia. Sufuria ya mbuzi ilikuwa peke yake, mafiga yake, mwiko wake, na hakuna aliyepakuliwa ila chumba cha mama. Nilimhoji mara tatu mpaka akakasirika. Angalau hilo lilisimama.

Mjomba naye alikuja, akauliza kuna nini, tukamwambia. Mjomba ni mzee wa kanisa la Moraviani, na hana jambo asilokuwa na hoja yake. Alitusogeza nyuma ya banda la kuni, akashusha sauti.

"Nisikilizeni. Asiyejua hana kosa. Yule mama amekula kwa moyo safi, Mungu anauona. Mkimwambia ndiyo mnamtwisha mzigo ambao sasa hivi hana. Na isitoshe, kwani sisi wapagani? Sisi si watu wa Kitabu, ambao Waislamu wanaruhusiwa kula chakula chao?"

"Mjomba, hayo kamwambie yeye," nilisema.

"Simwambii, na wewe humwambii. Mwacheni mtu amalize kula, aondoke na amani."

Shangazi akaunga mkono. "Mwanawane, leo ni siku ya mama yako. Utaleta aibu kwenye siku ya mama yako?"

Nitasema ukweli: kwa muda nilishawishika. Ilikuwa rahisi mno. Sahani ingerudi, tungeosha, nyama iliyobaki ingeliwa na mbwa, na watu wanne tungekufa na siri. Mama mkubwa angerudi mjini akisifia mbuzi wa Puge. Na moyoni nilisikia sauti ya mama ikisema lile neno, siulizi, nikaona kwamba tukinyamaza, basi kuanzia leo ndilo litakalokuwa kosa la mama mkubwa, kwamba haulizi. Nikapandwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa kaka, kwa simu, kwa mjomba na Kitabu chake.

Aliyetukatisha ni mzee wa kuchinja. Tulikuwa tumemsahau. Alikuja akasimama pale na kikombe cha maji mkononi, kisu chake bado kimefungwa.

"Mimi namaliza maji haya halafu naingia kumsalimia mama wa mjini," alisema. "Kila shughuli hunishukuru kwa kazi yangu, hata leo atanishukuru. Nitaitikia nini?"

Mjomba akamwambia, "Itikia tu, mzee mwenzangu. Neno moja."

"Neno moja litamke wewe," mzee alisema kwa ukali. "Niliitwa kuja kuchinja. Sikuitwa kuja kudanganya Waislamu wenzangu kwenye nyumba ya msiba."

Kaka alisema, "Nitamwambia mimi." Alisema vizuri kabisa, kiume. Lakini hakusogea. Alisimama anaangalia mikono yake, na mzee anamalizia maji. Basi nikaenda mimi.

Kutoka jikoni hadi chumba cha mama ni kukatisha uwanja. Siku hiyo uwanja ulijaa watu wanaonisimamisha. Mmoja anataka chumvi, mwingine ananipa pole, mwingine ananiuliza kama ni mimi yule mdogo aliyekuwa akilia sana. Niliwaitikia wote. Shikamoo, asante, chumvi inakuja. Mbele yangu mlango wa mama ulikuwa wazi na pazia linapepea, nikaona mkono wa mama mkubwa ukienda kwenye sahani na kurudi.

Walikuwa wanne mle ndani: yeye, mwanawe, mkwewe, na mjukuu mdogo amepakatwa. Mama mkubwa aliniona akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Njoo ukae, unahangaika tangu asubuhi. Mbuzi huyu amenona, mashallah. Mama yako angefurahi."

Nilipiga magoti. "Mama mkubwa, acha kula."

Mkono wake ulisimama. "Kuna nini, mwanangu? Nyama ina kitu?"

"Mbuzi hakuchinjwa na mzee. Tumekosea. Tumejua sasa hivi."

Mkwewe alikuwa wa kwanza kusogea. Alimwingizia mtoto kidole mdomoni akamtoa kinofu alichokuwa anatafuna, mtoto akaanza kulia. Mwanawe aliweka tonge chini, akavuta sahani ikatoka mbele ya mama yake, akasimama.

"Mmetulisha nini?" aliuliza. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Miaka yote hii watu wanatuambia, na sisi tunawatetea. Mmetulisha nini?"

Mama mkubwa alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, wenye mafuta, kama si wake. Kisha akauliza, taratibu sana, swali ambalo hakuwahi kuuliza kwenye nyumba ile.

"Amechinja nani?"

"Mimi," kaka alisema. Alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Aliingia akapiga magoti pembeni yangu, jitu zima na suruali yake ya kanisani.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilitamani aseme kitu. Nilitamani aseme alilazimishwa, alidanganywa, mzee alikataa kuja, chochote chenye sura ya sababu. Kaka akasema, "Sijui, mama. Nilikuwa naongea na simu."

Mwanawe mama mkubwa akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Simu," alisema. "Sikia, mama. Simu."

Walikuwa wanaangaliana, wale wawili walionyonya titi moja, mmoja amesimama na mwingine amepiga magoti. Niliogopa. Niliogopa kwamba yule aliyesimama atatamka neno la kututenga, na ndugu yangu angestahili, na huo ndio ungekuwa mwisho wa kila kitu ambacho mama alikijenga tangu kitandani wodini. Kutoka nje tulisikia spika ikipiga wimbo wa kwaya na watu wakicheka, wala hawajui.

Mama mkubwa aliomba maji. Alisukutua mdomo, akatema kwenye beseni, akasukutua tena. Akasema astaghfirullah, mara nyingi, midomo inacheza tu. Akamwambia mwanawe akae. Mwanawe hakukaa. Akamwambia tena, kwa jina lake la utotoni, naye akakaa, lakini amegeukia ukuta.

"Sisi hatukujua," mama mkubwa alisema. "Na huyu hakukusudia. Mambo ya hukumu wataulizana masheikh, mimi si mwanachuoni. Inuka, usinipigie magoti."

Kaka hakuinuka. Alikuwa analia, na ni mtu ambaye hata kaburini hakulia, alikuwa anahesabu mashada.

"Kuna michembe ndani humu?" mama mkubwa aliuliza. "Mama yako hakosi michembe."

Ilikuwepo, viazi vitamu vya mwisho alivyovikausha mama kwa mkono wake. Niliipika kwenye sufuria mpya niliyoazima kwa jirani, na karanga. Mama mkubwa alikula, si sana, akasema ni tamu. Mzee wa kuchinja aliingia akamsalimia, wakaongea habari za miguu na mvua. Mama mkubwa hakumshukuru kwa kazi. Yeye na watu wake waliondoka baada ya swala ya alasiri, na kwenye gari akatushika mikono sote, wa kaka akaushika kwa muda mrefu. Mwanawe aliaga kwa kichwa tu. Gari lilipopotea, mjomba alishusha pumzi akasema, mnaona, limekwisha, mama wa watu ni muungwana. Nilimwambia akatafute mahali pa kufukia sufuria nzima ya nyama. Hata hivyo na mimi niliamini limekwisha.

Mama mkubwa hakubadilika. Alipiga simu kama zamani, aliniletea tende mwezi wa Ramadhani. Mwanawe alikuja kununua asali kwa kaka, mwanzoni akiongea bei tu, baadaye wakawa wanachekeshana tena. Kisha binti wa kaka akapata komunyo ya kwanza, na mama mkubwa akatuma neno kwamba anakuja.

Siku hiyo kaka aliamka kabla ya jogoo. Simu aliizima akampa mkewe aifungie kabatini. Mzee alichinja mbuzi, na kaka alisimama hapo hapo, mikono nyuma, mpaka mwisho, na mtu alipomwita kuhusu viti hakugeuka. Aliifuata ile nyama kutoka mtini hadi kwenye sufuria. Nilimtania kwamba anamlinda mbuzi kama askari wa magereza. Hakucheka.

Mama mkubwa alikaa kwenye mkeka ule ule chumbani. Sahani ililetwa, na kaka alikataa mtu mwingine asimnawishe. Alishika birika na beseni mwenyewe, akachuchumaa mbele yake. Mama mkubwa alinyoosha mikono, maji yakaanza kutiririka, akasema kwa upole, anatabasamu, kama mtu anayeulizia habari za njia:

"Amechinja nani leo, mwanangu?"

"Mzee, mama. Nilikuwepo."

"Alhamdulillah," alisema, akaendelea kunawa. Mikono ilikuwa imeshatakata, lakini kaka aliendelea kumimina, na yeye akaiacha mikono pale kumsubiri, mpaka birika likaisha. Kisha akasema bismillahi, akala vizuri, akamsifia mbuzi, akamwita yule binti akampa zawadi yake.

Nilimkuta kaka nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo, birika tupu mkononi.

"Ameuliza," aliniambia.

"Ana haki ya kuuliza."

"Najua ana haki," alisema. "Lakini ameniuliza mimi."